MTOTO MCHANGA AKIKATALIWA NA MAZIWA YA NG'OMBE

Wewe mfuga ng'ombe wajua thamani ya maziwa. Maziwa ndiyo yanayolipa karo ya shule, ndiyo yanayonunua mbolea na dawa ya kupe, tena ni chakula kizuri cha watoto na wazee. Hatuna neno baya juu ya maziwa. Lakini mwezi huu twataka kukueleza habari za watoto wachache ambao maziwa ya ng'ombe huwadhuru, hata yakiwa safi namna gani, hata yakitoka kwa ng'ombe wa gredi mwenye afya kamili.

Tuchukue mfano. Tuseme jirani yako ana mtoto wa miezi minne. Mama alimnyonyesha vizuri, kisha akarudi kwenye kazi ya kuchuma majani ya chai. Nyanya akabaki na mtoto, akawa akimpa maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa. Baada ya majuma mawili mtoto anatapika na kuharisha. Choo chake kina makamasi na nyuzi za damu. Mashavu yametoka upele mwekundu unaowasha, naye halali usiku. Akipimwa kliniki, uzito haukuongezeka.

Hapo kila mtu ana neno lake. Baba asema labda ng'ombe ana ugonjwa wa kiwele. Nyanya asema ni kimeo, yafaa kikatwe. Jirani asema ni jicho la hasidi. Mwingine asema acheni ya ng'ombe, mpeni ya mbuzi. Siku zinapita na mtoto anakonda. Huenda wote wamekosea, na huenda mtoto huyu ana mzio wa maziwa ya ng'ombe.

MZIO NI KITU GANI?

Neno hili si geni. Tangu zamani wazee walijua kwamba chakula fulani chaweza kumdhuru mtu mmoja, hali wenzake waliokaa naye katika sinia moja wanakila bila shida. Chakula hicho walikiita mzio wake.

Siku hizi madaktari wajua sababu. Ndani ya mwili wa kila mtu kuna kinga, nayo kazi yake ni kupigana na vijidudu vya magonjwa. Mara nyingine kinga hiyo hukosea, kama mlinzi wa usiku anayempiga rungu mgeni aliyekuja kwa heri. Katika maziwa ya ng'ombe mna protini, ndiyo sehemu inayojenga mwili wa ndama. Kinga ya mtoto huyu huiona protini hiyo kama adui, ikaanza vita, na vita hivyo ndivyo vinavyoleta upele, kutapika na damu katika choo.

Kumbuka kwamba maziwa ya ng'ombe yaliumbwa kwa ajili ya ndama. Ndama wa Friesian huzaliwa na uzito wa kilo 35 hadi 40 hivi, naye hukua upesi sana. Kwa hiyo maziwa ya mama yake yana protini mara tatu hivi kuliko maziwa ya mama wa binadamu, na protini nyingine zilizomo hazipatikani kabisa katika titi la mwanamke. Hii ndiyo sababu mtoto wa chini ya miezi 6 hapaswi kupewa maziwa ya ng'ombe, awe na mzio au asiwe nao.

Usichanganye mzio na shida ya sukari ya maziwa. Watu wazima wengi wakinywa maziwa mengi tumbo huunguruma na kujaa hewa, maana matumbo yao hayawezi kuivunja sukari iliyomo. Hiyo si kazi ya kinga, wala haileti upele. Tena maziwa ya dukani yaliyoondolewa sukari hiyo hayamfai mtoto mwenye mzio, kwa sababu protini bado imo.

Watoto wenye mzio huu si wengi. Katika nchi ambako wamehesabiwa kwa uangalifu, hawazidi 2 au 3 katika kila watoto 100. Basi usiseme kila mtoto anayelia ana mzio. Lakini aliye nao asipotambuliwa aweza kudhoofika sana.

DALILI ZAKE

Dalili ni za namna mbili, nawe yafaa uzijue zote mbili.

Namna ya kwanza huja upesi, tangu dakika chache mpaka saa mbili baada ya kunywa maziwa. Mtoto hutoka vipele vilivyovimba kama aliyeguswa na upupu, midomo na macho huvimba, hutapika, hukohoa, au pumzi hutoa mlio kama wa filimbi. Mtoto akipumua kwa shida, au akilegea na kupauka, hiyo ni hatari ya kifo. Usimpe dawa ya miti shamba, wala usingoje kuche. Mkimbize hospitali saa ile ile, kwa gari, kwa pikipiki, kwa njia yo yote, akapigwe sindano ya adrenalini.

Namna ya pili huja polepole, baada ya saa kadhaa au hata siku mbili tatu. Kuharisha kusikokwisha, makamasi au damu katika choo, kutapika mara kwa mara, ukurutu wa ngozi, kukataa chakula na kutoongeza uzito. Namna hii ndiyo inayodanganya watu, kwa sababu mtoto alikunywa maziwa Jumatatu na akaugua Jumatano, wala hakuna anayeyakumbuka yale maziwa.

Dalili hizi za pili zaweza pia kuletwa na minyoo, na maji machafu, au na magonjwa mengine. Kwa hiyo usihukumu peke yako. Mchukue mtoto kliniki pamoja na Kitabu chake cha Mama na Mtoto, ili mwuguzi autazame mstari wa uzito wake tangu alipozaliwa.

MAMBO YASIYOSAIDIA

Kuchemsha. Ni lazima kuchemsha maziwa ili kuua vijidudu, lakini kuchemsha hakuondoi mzio. Protini nyingi hustahimili moto wa jikoni.

Kugandisha. Maziwa lala, mtindi na mursik yana protini ile ile, kadhalika unga wa maziwa na siagi. Hata samli yaweza kubaki na kiasi kidogo.

Kuongeza maji. Maji hayaondoi mzio, bali humpunguzia mtoto chakula.

Maziwa ya mbuzi au kondoo. Hili ndilo kosa la watu wengi. Protini za mbuzi zafanana mno na za ng'ombe, hata watoto 9 au zaidi katika kila 10 wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe hudhurika na ya mbuzi pia. Tena maziwa ya mbuzi yana upungufu wa foleti, na mtoto anayeyategemea peke yake aweza kupungukiwa na damu.

Maziwa ya ngamia. Ndugu zetu wa Garissa, Wajir na Marsabit watauliza habari za ngamia. Ni kweli protini zake ni tofauti zaidi, na watoto wengine huzivumilia. Lakini si chakula kamili cha mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Uji mwepesi au maziwa ya soya ya kutengeneza nyumbani. Hivi havina vyote anavyohitaji mtoto mchanga. Atashiba tumbo na kukonda mwili.

Kukata kimeo, kung'oa meno ya utotoni au kuchanja chale. Mambo haya huleta damu na vidonda, na ugonjwa hubaki pale pale.

JINSI YA KUHAKIKISHA

Njia ya kuhakikisha ni rahisi kueleza, lakini yataka uvumilivu, nayo hufanywa kwa shauri la daktari. Maziwa ya ng'ombe na kila kitu chenye maziwa huondolewa kabisa kwa muda wa majuma 2 mpaka 4. Kama dalili ni zile za polepole na mzio ndio sababu, mtoto ataanza kupata nafuu. Kisha maziwa hurudishwa kidogo kidogo. Dalili zikirudi, jambo limethibitika. Zisiporudi, hana mzio, na sababu nyingine itafutwe.

Wazazi wengi huipenda sehemu ya kwanza na kuikimbia ya pili. Mtoto amepona, wao wasema, kwa nini tumjaribu tena? Sababu ni hii: huenda alipona kwa jambo jingine, nanyi mtamnyima chakula chema na kumaliza fedha zenu bure.

Lakini mtoto aliyewahi kuvimba au kubanwa na pumzi asijaribiwe nyumbani hata kidogo. Huyo hujaribiwa hospitalini tu, mbele ya daktari.

CHAKULA CHA KWANZA NI TITI LA MAMA

Mtoto mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe hana mzio wa mama yake. Mama wa jirani yetu aweza kunyonyesha alfajiri, jioni na usiku, na kabla ya kwenda kazini akamue maziwa ndani ya chombo safi chenye kifuniko. Nyanya atampa mtoto kwa kikombe kidogo. Hata mama aliyekwisha kuacha kunyonyesha aweza kurudisha maziwa, akimweka mtoto kwenye titi mara nyingi na kusaidiwa na mwuguzi. Jambo hili hufaulu mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, wala halina gharama.

Mara chache sana, protini kidogo ya ng'ombe hupita kutoka katika chakula cha mama na kuingia katika titi, mtoto akadhurika. Hapo mama ndiye anayeacha maziwa kwa muda wa kujaribu. Aache chai ya maziwa, anywe chai ya rangi. Aache siagi, mtindi na mandazi yaliyokandwa kwa maziwa. Badala yake ale omena pamoja na mifupa yake, maharagwe na sukuma wiki, na kliniki itamshauri juu ya vidonge vya kalsiamu. Majuma 4 yakipita bila nafuu, ayarudie maziwa yake. Asijinyime bure.

MAZIWA YA PEKEE YA KOPO

Lakini wako watoto wasio na titi. Pengine mama amefariki, pengine ni mgonjwa sana, pengine maziwa yamekataa kurudi. Kwa watoto hawa yako maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa njia ya pekee.

Ili uelewe, fikiri juu ya majani ya Napier. Bua zima ni refu na gumu. Ukilipitisha katika mashine ya kukatia majani, hutoka vipande vidogo ambavyo mtu hawezi kusema vilikuwa bua la namna gani. Ndivyo inavyofanywa protini ya maziwa kiwandani. Hukatwakatwa kwa vimeng'enya mpaka vipande viwe vidogo sana, na kinga ya mtoto ikivikuta haimtambui tena adui wake. Lakini chakula cha kujenga mwili kimo bado. Maziwa ya namna hii yalianza kuuzwa Marekani mwaka 1942, na watoto 9 au zaidi katika kila 10 wenye mzio huyavumilia.

Wachache wanaodhurika hata na vipande hivyo, au ambao mzio wao ni mkali mno, hupewa aina nyingine ambayo haina vipande kabisa. Imetengenezwa kwa asidi amino, yaani zile chembe za mwisho ambazo protini zote hujengwa kwazo.

Angalia sana, kwa sababu makopo hufanana. Yako makopo ambayo protini yake imekatwa kidogo tu, na hayo hayamfai mtoto mwenye mzio. Maziwa ya kopo ya soya ya watoto wachanga yaweza kutumiwa na baadhi ya watoto waliopita miezi 6, daktari akikubali. Mwombe daktari aandike jina la aina inayotakiwa, uende nalo dukani. Usichaguliwe na mwuza duka. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inakataza kutangaza biashara ya maziwa yanayoshika mahali pa titi la mama, na ni kwa faida ya watoto.

Tena ujue kwamba maziwa haya ni machungu kidogo na harufu yake si nzuri. Mtoto mdogo huyazoea upesi, lakini aliyepita miezi 6 aweza kuyakataa siku za kwanza. Mpe kidogo kidogo, usikate tamaa. Choo chake kikigeuka rangi ya kijani, usishtuke.

KUYATENGENEZA

1. Nawa mikono kwa sabuni. Chemsha kikombe na kijiko.
2. Chemsha maji safi mpaka yatokote. Yaache katika birika lenye kifuniko, lakini yasipite nusu saa, ili yawe bado moto sana. Unga wa kopo hauwi bila vijidudu kabisa, hata kama kopo ni jipya, na maji ya moto ndiyo yanayoviua. Kama kopo la maziwa haya ya pekee limeandikwa njia nyingine, mwulize mwuguzi kabla ya kuanza.
3. Tia maji kwanza kwa kipimo, kisha unga. Tumia kijiko kilichomo ndani ya kopo hilo hilo, ukisawazishe kwa mgongo wa kisu safi. Usishindilie.
4. Koroga, kisha poza kikombe kwa kukisimamisha katika maji baridi. Jaribu tone moja juu ya kifundo cha mkono wako.
5. Mnyweshe mtoto kwa kikombe. Chupa ni ngumu kusafisha na hufuga vijidudu.
6. Yaliyobaki baada ya saa mbili, yamwage. Najua yauma kumwaga kitu cha bei kubwa. Kwa hiyo tengeneza kiasi anachoweza kumaliza.

Usipunguze unga ili kopo lidumu. Mtoto hunywa maji akadhani ni chakula, akakonda mbele ya macho yako. Wala usizidishe, maana unga mwingi huharibu figo na kuleta kiu.

PIGA HESABU MAPEMA

Mkulima hupiga hesabu kabla ya kununua ng'ombe. Fanya hivyo hapa pia. Mtoto wa kilo 6 asiyepata chakula kingine huhitaji mililita 150 hivi kwa kila kilo, yaani mililita 900 kwa siku. Hiyo yataka unga gramu 120 hivi. Basi kopo la gramu 400 litamtosha siku tatu na kitu, na kwa mwezi atahitaji makopo 9. Uliza bei ya kopo moja, uizidishe mara 9, ndipo utajua mzigo ulio mbele yako.

Wako wazazi watakaouza maziwa ya ng'ombe watatu na bado fedha zisitoshe. Si aibu. Kabla ya kuanza kupunguza unga, rudi kwa daktari ukamwambie kweli. Uliza kama mama aweza kusaidiwa kurudisha maziwa, na uende kwa afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali ya kaunti ukaulize msaada uliopo. Mtu asiyesema hasaidiwi.

BAADA YA MIEZI SITA

Mtoto akifikisha miezi 6 aanze vyakula vingine, naye aendelee na titi au maziwa yake ya pekee. Mpe uji wa wimbi usio na maziwa, ndizi, viazi, maharagwe yaliyopondwa, yai, samaki na maini. Soma maandishi ya kila pakiti. Biskuti, mikate na majarini mara nyingi vina maziwa ndani yake. Tena waonye jamaa wote, watoto wakubwa, yaya na mama wa kanisani, kwa sababu mtu mwema humpa mtoto kijiko kimoja cha mtindi na kuharibu kazi ya mwezi mzima.

MZIO HUU HUISHA

Habari njema tumeziweka mwisho. Watoto wengi wenye mzio wa maziwa hupona kabla ya kufika miaka 5. Daktari humjaribu mtoto kila baada ya miezi sita au mwaka, mara nyingi akianza na chakula kilichookwa, kama biskuti yenye maziwa kidogo, kisha hupanda ngazi mpaka kikombe cha maziwa. Basi usiwauze ng'ombe wako. Huenda mtoto huyu huyu ndiye atakayewakamua.

Na yule mtoto wa jirani? Kama mama atarudi kumnyonyesha na kukamua, na nyanya akakubali kuweka kando maziwa ya ng'ombe, na kliniki ikafuata majuma yale manne, yaelekea hawatahitaji kununua kopo hata moja. Lakini hapana budi mtu wa kwanza kuwaambia awepo. Sasa wewe wajua, na waweza kuwa mtu huyo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA CHAMA CHENU

1. Kwa nini maziwa ya mbuzi hayamsaidii mtoto mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe?
2. Ni dalili zipi zinazotaka mtoto akimbizwe hospitali saa ile ile?
3. Mtoto akipata nafuu baada ya kuacha maziwa, kwa nini daktari humjaribu tena?
4. Mtoto wa kilo 5 huhitaji mililita ngapi kwa siku?
5. Ni nani kijijini kwenu awezaye kumsaidia mama aliyeacha kunyonyesha?

Kata ukurasa huu, uuweke ndani ya Kitabu cha Mama na Mtoto.